Mashine Iliyohitaji Kushikwa

"Shangazi, kwa nini unaikumbatia hiyo mashine?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado wa kupanda kigoda ili nifikie bomba la maji. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye roshani ya nyuma, pale tunapofulia, mikono ameizungusha kwenye mashine ya kukamua nguo, shavu amelilaza juu ya kifuniko, na mashine inamtikisa mpaka hereni zinacheza. Sauti yake ilitoka vipande vipande, kama ya mtu anayeongea huku anaendesha baiskeli kwenye kokoto.

"Ni-nisipoishika i-itaondoka," akasema. "Na ikiondoka nani ataifukuza? We-wewe?"

Nikacheka, nikaenda zangu. Kwa mtoto lilikuwa jibu zuri. Lakini mimi swali likishaniingia halitoki kirahisi, ndiyo maana Shangazi aliniita Mpelelezi na nyumba nzima ikafuata. Na kadiri nilivyokua, lile jibu likazidi kunibana, kama sare ya shule ya mwaka jana.

Kwanza niieleze mashine yenyewe, maana rafiki zangu shuleni nikiwaambia wanadhani nasema ile kubwa inayofua kila kitu. Yetu haifui. Ni pipa fupi jeupe linalonifika kiunoni, na ndani yake kuna pipa jingine la bati lenye matundu. Unafua kwa mikono, unasuuza, unatia nguo humo, unaweka juu yake kisahani cha plastiki cha kuzikandamiza, unafunga kifuniko, unazungusha kitufe. Basi. Inazungusha nguo kwa kasi ya kutisha, maji yanakimbia nje kupitia kidomo cha chini na kumwagika kwenye beseni. Ukifungua unakuta nguo zimejibandika ukutani mwa pipa, zimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa ghafla, lakini ni nyepesi, na unazianika zikiwa karibu zimekauka. Kwa watu wengi hicho ni kifaa tu cha kupunguza kazi. Kwetu sisi, kwa muda mrefu, kilikuwa ndicho kilichoamua Bibi atalala kwenye chumba chake au hatalala.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Ni mfupi, mabega mapana, na anaongea na vitu. Sufuria ikichelewa kuchemka anaiuliza kama imelala vizuri. Aliwahi kuolewa, akarudi. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Nyumba ile haikuwa na dirisha upande wangu," halafu anakutuma kitu. Baada ya hapo alifanya kazi miaka mingi hotelini, kwenye chumba cha nguo kule chini kabisa ambako wageni hawafiki. Sisi tuliamini alikuwa mpiga pasi, kwa sababu ya kola za Baba: zilinyooka kiasi kwamba ungeweza kukatia mkate. Kutoka hotelini alirudi na viatu vyeupe vya mpira, vya kufunika mguu wote, na mpaka leo hafui bila kuvivaa.

Aliacha kazi Bibi alipopata kiharusi. Upande wa kushoto wa Bibi ulilala na haukuamka tena. Mdomo haukuguswa. Bibi mwenyewe alisema Mungu alichukua mguu akaacha ulimi kwa sababu aliwajua watu wa nyumba hii. Baba alikuwa kazini stoo kutwa, Mama kiwandani kushona, mimi shule, kwa hiyo aliyebaki ni Shangazi. Hakuna kikao kilichokaa kuamua. Alikuja na begi lake kumuuguza mama yake kwa muda, na begi likaishia juu ya kabati.

Ukitaka kumjua Shangazi wa siku zile, sikiliza tu namna alivyokuwa akiitwa.

"Binti, nigeuze."

"Dada, umeiona pasi?"

"Wifi, hii mboga ni ya leo au ya jana?"

"Shangazi, soksi yangu moja haipo."

"Binti, umenigeuza upande niliokuwa."

Ilikuwa hivyo tangu kunakucha. Hakuna aliyemwita kwa ubaya. Tulimwita kama mtu anavyonyoosha mkono kuwasha taa, bila kufikiri. Akiketi tu, kiti kikilia, kuna mmoja wetu angekumbuka jambo. Nimeshawahi kumwona anainuka kabla hajaitwa, akiwa amekaa na kijiko mkononi, halafu anasimama katikati ya chumba akisubiri kujua ni nani anamtaka.

Mashine haikuwepo bado. Mashuka ya Bibi yalifuliwa kila siku, na mengine zaidi ya mara moja. Shangazi na Mama walikuwa wanalikamua shuka wakiwa wawili, huyu ameshika ncha hii, yule ile, kila mmoja anasokota upande wake mpaka shuka linakuwa kamba nene na maji yanashuka kiwikoni. Mama akiwa kazini, Shangazi alifunga ncha moja kwenye chuma cha roshani, akasokota peke yake. Jua likiwepo, yote yalikwenda sawa.

Halafu zikaja mvua. Mvua za mwaka ule hazikuwa za kunyesha na kuacha. Zilikuja zikakaa, kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Mashuka yalijaa kwenye milango, kwenye migongo ya viti, juu ya kabati. Nilifanyia kazi zangu za shule chini ya foronya inayodondosha maji. Nyumba ikanuka uvundo. Bibi akawa analazwa kwenye shuka ambalo ukiligusa huwezi kusema ni kavu wala bichi, na siku moja Shangazi alipomgeuza akaona nyonga imekuwa nyekundu, na katikati ngozi imefunguka.

Muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia hakuzunguka. "Kidonda cha kulala," akasema. "Shuka likilowa litoke saa hiyo hiyo, na linaloingia liwe kavu. Sio la kukaribia kukauka. Kavu."

Habari zikamfikia Baba Mkubwa, kaka yao wa kwanza, anayeuza mabati na saruji mji mwingine. Ni mtu mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. Alikuja, akamwangalia mama yake, akatoka chumbani macho mekundu.

"Kwangu kuna chumba kikubwa kinachoingia jua," akasema. "Nitaajiri mtu. Mama anahamia kwangu."

"Siendi," Bibi akasema kutoka ndani.

"Mama, hujaulizwa bado."

"Najibu mapema, nisije nikasahau. Chumba hiki nimekilalia na baba yenu, nimewazalia humu nyote watatu. Siku ya kutoka nitabebwa, na sitaijua."

Baba Mkubwa akapumua kwa nguvu. Akamgeukia Shangazi, akashusha sauti, ikawa sawa na sauti ya watu wengine wakipiga kelele. "Mdogo wangu, sikulaumu. Lakini nikisikia kidonda kimeongezeka, nakuja na gari. Hapo hatutajadiliana."

Wiki ileile Baba akaileta mashine. Aliipata kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anahama, akaibeba mgongoni ngazi zote, akaitua kwenye roshani kama aliyebeba ng'ombe. Shangazi akaizunguka, akaigonga ubavuni, akaiambia, "Karibu. Hapa hakuna kulala."

Siku ya kwanza tulisimama wote mlangoni kuitazama. Baba ndiye aliyejaza, kwa kuwa ndiye aliyeibeba. Alichukua shuka zito, akalisukumiza lote upande mmoja, akafunga, akazungusha kitufe. Ikaanza kunguruma taratibu, vizuri tu. Halafu ikaingiwa na wazimu. Ikarukaruka, ikageuka, ikaanza kutembea. Ndiyo, kutembea. Ikaja upande wetu ikivuta waya wake, beseni likapinduka, Mama akapanda kigodani, na Baba akainyooshea kidole akaiambia, "Simama. Nimesema simama," kama anayemkanya mbwa wa jirani. Shangazi akapita katikati yetu na viatu vyake vyeupe, akapiga magoti, akaikumbatia. Mashine ikatulia mikononi mwake, ikawa inatetemeka tu, mpaka ikamaliza.

Kesho yake jirani wa chini, mwalimu wa udereva, alitusubiri kwenye ngazi. "Samahani," akamwambia Baba kwa adabu. "Yule dereva wenu wa juu amepatia leseni wapi? Maana jana alirudi kinyumenyume mpaka kichwani kwangu."

Pamoja na vituko vyake, mashine ilifanya kazi yake. Shuka lililotoka humo lilikaushwa na upepo wa ndani tu, hata mvua ikiwa inanyesha. Likipigwa pasi kidogo, linakwenda kitandani likiwa na joto. Kile kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni, pole pole. Baba Mkubwa akipiga simu, Shangazi alisema, "Kinafunga, Kaka," na sisi tukapumua.

Na ndipo nilipoanza kumwona Shangazi ameikumbatia mashine kila siku, tena zaidi ya mara moja. Nilipouliza lile swali langu.

Kuna jambo nililiona mapema, ila sikulipa maana. Mashine ikinguruma, hakuna aliyemwita. Baba akipita mlangoni alisema, "Pole, Dada." Mama akirudi kazini alisema, "Pole na kazi, Wifi." Mimi nikija na soksi yangu moja, Bibi aliniwahi kutoka chumbani: "Mwache. Ameshika mashine." Na Bibi mwenyewe, aliyekuwa anataka kugeuzwa kila akikumbuka, wakati ule alinyamaza kimya.

Baba aliona vibaya dada yake kupigwa mtikiso kila siku, akamleta fundi. Fundi alikuwa na njiti ya kiberiti mdomoni na maneno mengi nyuma yake. Aliisawazisha miguu ya mashine, akaiwekea vipande vya mpira wa tairi chini, kisha akamweka Shangazi mbele yake kama mwanafunzi.

"Angalia, mama. Nguo zikae duara. Nzito isikae peke yake, itafutie mwenzake upande wa pili. Ukitupa shuka zima upande mmoja, inalewa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, fundi," Shangazi akasema, mikono nyuma.

Fundi akajaza mwenyewe, akawasha. Mashine ikazunguka imetulia kama mtu anayesali. Tukampigia makofi. Kesho yake nikatoka shule, nikakuta inaruka vilevile, na Shangazi amepiga magoti, ameikumbatia.

"Dada, fundi si alisema uzitandaze?" Baba akauliza jioni.

"Nimezitandaza. Labda haijanizoea."

Ajabu ni kwamba Jumapili Mama alipokamua sare zangu, mashine haikutikisika. Akiigusa Shangazi tu, inacheza. Ikawa utani wa nyumba. Baba alisema mashine imempenda dada yake na haitaki kuachwa. Fundi alipokutana na sisi barabarani aliuliza, "Yule mwanafunzi wangu kichwa kigumu hajambo?" Shangazi alicheka pamoja na wote, tena kwa sauti.

Siku moja Shangazi akatembelewa na mwenzake wa zamani wa hotelini, mwanamke mrefu ambaye wote walimwita Ngazi. Alikaa jikoni anakunywa chai, mimi nikiwa mezani na vitabu vyangu. Kule roshani mashine ikaanza ngoma yake.

"Hiyo nini?" Ngazi akauliza.

"Mashine ya kukamua," nikamwambia. "Shangazi hajui kuijaza. Fundi amemfundisha, imeshindikana."

Ngazi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Nani hajui? Huyu? Wewe mtoto, kule kazini kulikuwa na mashine za kukamulia unazoweza kumficha mtu mzima ndani. Mashuka ya hoteli nzima yanaingia humo. Msimamizi hakumruhusu mtu mwingine kuzijaza, ni huyu huyu. Alikuwa akisikia tu inavyoanza, anasema zima, kuna taulo limekaa vibaya upande ule. Unafungua, unalikuta."

"Si alikuwa anapiga pasi?"

"Pasi nilikuwa napiga mimi. Yeye alinifundisha kuzijaza mwishoni mwishoni, alipokuwa..."

Hakumaliza. Nikageuka nilikomwona anatazama. Shangazi, shavu lake likiwa juu ya kifuniko, alikuwa anamtazama Ngazi kupitia mlango ulio wazi, akatikisa kichwa kidogo sana. Au mashine ndiyo iliyomtikisa, sikuwa na hakika. Ngazi akainua kikombe chake.

"Labda amesahau," akasema. "Umri nao unakuja. Haya, niambie, unasoma darasa la ngapi?"

Nikamjibu, lakini akili yangu ilikuwa roshani. Usiku ule sikumwambia mtu. Ningesema nini? Sikuwa na jambo la kusema, nilikuwa na swali tu, na sasa lilikuwa limenona.

Mvua zikaisha, zikarudi. Ilikuwa katika mvua hizo za pili ambapo Baba Mkubwa alikuja bila kupiga simu. Na kwa bahati mbaya alikuja pamoja na maji. Shangazi alikuwa ameiacha mashine kitambo kidogo, Bibi alikohoa vibaya naye akakimbilia chumbani, na mashine ikatumia nafasi hiyo. Iliburuza mpaka mlango wa jikoni, ikapindua beseni, maji yakapita chini ya chuma cha roshani na kumwagikia nguo zote za mwalimu wa udereva. Shangazi alirudi mbio akaidaka. Kwa hiyo Baba Mkubwa alipofunguliwa mlango, nyuma yake akiwepo mwalimu wa udereva ameshika shati linalodondosha, alichokiona ni dada yake amelala juu ya pipa, gauni limelowa mpaka kifuani, na jikoni kama mto umepita.

"Sasa hivi ndivyo anavyotunzwa mama yangu," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. "Fundi ameletwa, amefundishwa, bado. Mtu anapigana mweleka na pipa. Je, siku Mama akianguka na yeye yuko huku amekumbatia hiki kitu?"

"Kaka, ni kwa leo tu," Baba akasema.

"Sio leo. Kila nikipiga simu mnanichekesha na habari za mashine inayocheza. Mimi sicheki tena. Kesho asubuhi naleta gari, Mama anaondoka."

"Siendi," Bibi akasema kutoka chumbani. Safari hii sauti yake haikuwa na utani wowote. Ilikuwa ndogo.

Mwalimu wa udereva aliangalia viatu vyake. Mimi nilimwangalia Shangazi. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono mmoja juu ya kifuniko, na mashine imeshasimama. Aliutazama ule mlango wa chumba cha Bibi muda mrefu, kisha akaitazama mashine, na kwa uso wake ungedhani anamuaga mtu.

"Kaka, ngoja," akasema.

Akafungua kifuniko, akatoa nguo zote akazitupa kwenye beseni. Akairudisha mashine mahali pake kwa paja, akaitikisa mara moja kusikia kama miguu yote imegusa chini. Halafu akaanza kujaza. Sijawahi kuona mikono inafanya vile. Hakuangalia. Shuka akalikunja kwa urefu, akalizungusha duara, akaliminya chini. Taulo huku, taulo jingine ng'ambo yake. Gauni la Bibi akalipima mkononi, akalirudisha, akachukua foronya mbili badala yake. Kisahani juu. Kifuniko. Kisha akaingia jikoni na viatu vyake vinavyolia maji, akamimina chai kwenye kikombe mpaka ikafika ukingoni, akakiweka juu ya kifuniko cha mashine, katikati. Akazungusha kitufe, akarudi nyuma, akafumbata mikono.

Ikanguruma. Kasi ikapanda. Maji yakatoka kwenye kidomo kama mtu anayemimina kwa utaratibu. Juu ya chai kulikuwa na mtetemo mwembamba tu, kama ngozi ya maziwa ukiipuliza. Hakuna tone lililomwagika.

Mashine ilipozima, Baba Mkubwa alikuwa bado anakitazama kile kikombe. Kisha akaenda chumbani kwa Bibi. Tulimwona kutoka mlangoni akiinama, akaingiza kiganja chake kikubwa kati ya mgongo wa mama yake na shuka, akakiacha pale.

"Mkono wako wa baridi," Bibi akasema.

Akatoka. "Ni kavu," akasema.

"Ni kavu kila siku, Kaka."

Baba Mkubwa akakitwaa kikombe juu ya mashine, akanywa ile chai yote akiwa amesimama, akakirudisha palepale. Hakutaja gari tena, siku ile wala baadaye. Alipoondoka, Baba alimgeukia dada yake. "Kumbe unajua."

"Nimejua leo," Shangazi akasema, akachukua tambara akaanza kupangusa sakafu.

Tulifurahi sana. Bibi anabaki. Sikufahamu kwamba kuna mtu mmoja aliyekuwa ameilipia furaha hiyo, lakini nilianza kuiona bei yake ndani ya siku chache. Sasa mashine haikutembea tena. Isingeweza, maana wote tulikuwa tumekiona kikombe. Shangazi akiiwasha, anasimama kando yake, mikono haijui iende wapi.

"Dada, maadamu inajikalia yenyewe, hebu nitafutie ule mkanda wangu."

"Wifi, njoo kidogo uonje hii."

"Shangazi, soksi."

Hakuna aliyesema pole tena. Pole ya nini, mashine inafanya kazi peke yake. Alikwenda alikoitwa, akarudi, akakuta imeshazima. Wiki zile alipungua maneno. Aliacha hata kuziuliza sufuria habari zao. Mara mbili nilimkuta jikoni amesimama katikati, akisubiri kuitwa na mtu ambaye hajaita.

Kisha ikafika Jumamosi moja, wote tuko nyumbani. Shangazi akawasha mashine. Baba akafungua mdomo, nadhani alitaka kuuliza kuhusu pasi. Kabla hajasema, sauti ya Bibi ikatoka chumbani.

"Binti."

"Naam, Mama."

"Mashine inatembea."

Baba akachungulia roshani. "Imesimama tuli, Mama. Naiona."

"Wewe unaiona kwa macho. Mimi naisikia kwa mgongo, nimelala sakafu moja nayo. Inatembea. Nenda ukaishike, Binti, isije ikatuangushia nyumba."

Baba na Mama wakatazamana yale matazamano ya watu wazima wanapoona mzee ameanza kuchanganya mambo. "Nenda tu, Dada," Baba akasema kwa upole. "Asije akahangaika."

Shangazi alipita kwanza mlangoni kwa Bibi. Akasimama pale. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona Bibi, kichwa juu ya mto, anamtazama binti yake bila kupepesa, na macho yale hayakuwa yamechanganya jambo lolote. Shangazi akaenda roshani, akapiga magoti, akaikumbatia mashine iliyotulia tuli, akaweka shavu juu ya kifuniko na kufumba macho.

"Pole, Dada," Baba akasema akipita.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Mashine ikianza tu, hata kabla haijashika kasi, Bibi anasema, "Inatembea hiyo," na Shangazi anakwenda. Muuguzi alipohadithiwa alisema ni kawaida, ubongo ukishaguswa mtu husikia vitu, tusibishane naye. Hatukubishana.

Bibi alifariki mwaka juzi, wakati wa kiangazi, ndani ya chumba kile kile, pazia likiwa wazi. Alibebwa kama alivyosema, na hakuijua. Muuguzi alimwambia Baba Mkubwa mbele yetu kwamba mgongo wa mama yake ulikuwa safi kama wa mtoto. Baba Mkubwa alilia kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

Sasa Ngazi amefungua sehemu yake ya kufulia nguo mjini, na Shangazi anakwenda huko asubuhi kuwafundisha wasichana kujaza mashine. Viatu vyeupe vimepata wenzao wapya. Mashine yetu bado iko roshani, rangi imemenyeka kidogo, na siku hizi anayeijaza ni mimi. Jumamosi iliyopita nilikuwa nakamua mashuka ya nyumba nzima. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando yangu, miguu juu ya beseni lililopinduliwa, anamenya chungwa. Mashine ilinguruma imetulia. Ndani, Baba alikuwa anaitafuta pasi mwenyewe, tunamsikia anafungua milango ya kabati mmoja baada ya mwingine.

"Shangazi," nikasema, "kwa nini ulikuwa unaikumbatia hii mashine?"

"Nilishakujibu zamani."

"Ulinijibu nikiwa mtoto."

Akacheka. Akanigawia nusu ya chungwa, akala ile yake kipande kimoja kimoja, akisikiliza maji yanavyopungua kwenye kidomo, mpaka pipa likasimama.

"Nyumba hii, Mpelelezi," akasema, "nikikaa, naitwa. Nikishika mashine, naambiwa pole. Basi nikawa naishika."